Barua ya wazi kwa viongozi wa Halmashauri yetu: mabadiliko ya tabianchi yaingizwe ndani ya mpango, yasiachwe pembeni

Kwa:
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri yetu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika,
Mkoa wa Kigoma.

YAH: KUTOZINGATIWA KWA MABADILIKO YA TABIANCHI KATIKA MIPANGO NA BAJETI YA HALMASHAURI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mwambao, mfanyabiashara wa dagaa na mkulima wa michikichi, na nimewahi kuwa mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimefika mwisho. Hoja zilizomo humu zilijadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, zikaingizwa kwenye muhtasari, zikapitishwa na kata, kisha zikafikishwa makao makuu ya Halmashauri kwa barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri. Hatukujibiwa. Tulipofuatilia tuliambiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi, na ulipofika msimu mwingine wa bajeti tukakuta rasimu ya mpango ina miradi ile ile, mahali pale pale, kwa vipimo vile vile. Sina ugomvi na mtumishi yeyote, na ndiyo maana sitataja jina la mtu. Ugomvi wangu ni na namna tunavyopanga.

Mabadiliko ya tabianchi yamewekwa katika mpango wetu kama aya moja mwishoni mwa sura ya mazingira. Nimeisoma aya hiyo kwa makini. Inasema kwamba Halmashauri itahamasisha jamii kupanda miti na kuacha uchomaji ovyo wa misitu. Hayo ni mambo mema na tunayaunga mkono, lakini hayagusi barabara, soko, zahanati, kisima wala shamba lolote lililotajwa katika kurasa nyingine zote za mpango huo, kurasa ambazo ndizo zenye fedha. Tunachodai ni kwamba kila mradi, kabla haujatengewa shilingi, uulizwe umepangwa kwa ziwa la aina gani na kwa mvua ya aina gani. Yafuatayo ndiyo yanayotufanya tudai hivyo.

1. Soko na mwalo vinarudishwa kwenye maji.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, ulioko Kalemie upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa kugeuka mvuke kuliko kwa kupita mlango huo. Kwa hiyo likijaa halishuki kwa wiki moja kama mto. Hupanda kwa misimu kadhaa na hushuka kwa misimu kadhaa. Wazee wetu wanakumbuka kujaa kwa mwaka 1964 baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961. Mwaka 2005 na 2006 tuliona kinyume chake, maji yakarudi nyuma. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2019, zilizotokana na Bahari ya Hindi kupata joto lisilo la kawaida upande wetu wa magharibi, zilianza kulijaza tena. Mwaka 2021 maji yalikuwa kwenye nyumba za watu kuanzia Bujumbura na Uvira hadi huku kwetu, na mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, yakarudi. Katika muda usiofika miaka 20 ziwa limetuonyesha pande zake zote mbili.

Sasa tazameni mwalo wetu, mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Ukutani mwa jengo la soko la dagaa kuna mstari wa rangi ya tope unaomfikia mtu mzima kiunoni, na chini ya mstari huo plasta imebanduka hadi matofali yanaonekana. Vichanja vya kuanikia vilivyokuwa upande wa ziwa vimebaki nguzo tu. Shimo la choo cha soko lilijaa maji ya ziwa, na yaliyokuwemo yakaelea kati ya mitumbwi ambako akina mama huosha dagaa. Mkoa huu haupaswi kuambiwa maana ya jambo hilo, kwa sababu mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka katika kijiji cha mwambao cha Kagunga miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi sote tuliona jinsi ugonjwa huo unavyosafiri katika mwambao wenye watu wengi na vyoo vichache. Pamoja na hayo yote, mradi uliomo kwenye rasimu unaitwa ukarabati wa soko, mahali pale pale, sakafu ikiwa katika kimo kile kile, na choo kipya kando ya kile cha zamani. Hakuna mahali katika maelezo ya mradi palipoandikwa maji yalifika wapi. Mtu asiyefahamu eneo akisoma maelezo hayo atadhani jengo limechakaa kwa umri.

2. Mita 60 zinapimwa kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Tunaiheshimu sheria hiyo, na tungependa itekelezwe kwa wote. Tatizo letu ni ukingo wenyewe. Maji yakiwa yameshuka, viwanja vinapimwa, vinauzwa na kulipiwa kodi kwenye ardhi ambayo ziwa liliiacha juzi tu. Maji yakipanda, mwenye kiwanja hicho hicho anaambiwa kwamba amevamia hifadhi ya ziwa. Kuna familia katika kata yetu zilizokuwa na risiti za kodi ya ardhi na mita za umeme, na siku nyumba zilipoingiliwa na maji zikaitwa wavamizi. Maadamu hakuna alama ya kudumu inayoonyesha maji yalifika wapi mwaka 1964, 2021 na 2024, mita 60 zitaendelea kutembea na maji, na wanaoumia ni wale ambao hawana pa kuhamia. Sheria ipo. Linalokosekana ni kazi ya wapima ardhi, kazi ambayo haihitaji mfadhili.

3. Kalavati moja linajengwa mara mbili.

Barabara inayotoka vijiji vya juu kushuka mwaloni inakatiza korongo. Hapo liliwekwa kalavati la bomba moja. Mvua ya msimu mmoja ililing'oa, likarudishwa la ukubwa ule ule, nalo likaondoka. Sikubaliani na wanaosema kwamba mkandarasi ndiye aliyeharibu, kwa kuwa alijenga kilichoandikwa kwenye mkataba. Kosa liko kwenye hesabu iliyotangulia mkataba: ukubwa wa bomba ulitokana na mazoea ya barabara za aina hiyo, huku vilima vilivyoko juu vimefyekwa na maji yanashuka kwa kasi ambayo mazoea hayo hayakuyajua. Gharama ya bomba mbili kubwa na kingo za mawe ingekuwa kubwa mwaka wa kwanza, lakini ingekuwa ndogo kuliko kulipa mara mbili na kubaki bila barabara kipindi chote dagaa wanapotakiwa kusafirishwa. Kupanga kwa namna hii ni kutwanga maji kwenye kinu.

4. Uvuvi umeandikwa kana kwamba ziwa halijabadilika.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo linalolisha mwambao wote na kuipa Halmashauri sehemu kubwa ya ushuru wake. Samaki wa ziwa hili hutegemea maji ya chini yenye rutuba kupanda juu, na kazi hiyo hufanywa na upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyapa nafasi maji ya chini kuibuka upande wa kusini. Maji ya juu yanapozidi kupata joto huwa mepesi zaidi kuliko ya chini, na upepo unashindwa kuyachanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki, ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kumaanisha upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Uvuvi wa kupita kiasi na nyavu haramu vimeongeza madhara, na sisi wenyewe tunahusika katika hilo. Lakini hata kama kila wavu haramu ungeteketezwa leo, joto la maji lingebaki.

Serikali ilifunga uvuvi katika ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Wengi wetu tulikubali, maana tunajua hali ilivyo. Hata hivyo, katika mpango wa Halmashauri yetu miezi hiyo mitatu haikuonekana kokote: si kwenye makadirio ya ushuru, si kwenye mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ambayo marejesho yake yalitegemea dagaa, wala kwenye mradi wowote wa kumpa kibarua wa mtumbwi kazi nyingine. Mpango ulisema uzalishaji wa samaki utaongezeka. Haukueleza utaongezeka kwa njia gani.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa Waheshimiwa mlijue, kwa sababu mnaweza kulitekeleza mapema. Dagaa huvuliwa usiku wa giza na huanikwa asubuhi. Mvua isiyotarajiwa ikinyesha kabla ya saa nane mchana, dagaa walioanikwa mchangani huoza, na bei yao hushuka hadi ya chakula cha kuku. Vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka chini, vyenye paa la nailoni linalopitisha mwanga, huokoa mzigo huo. Havina gharama kubwa, na ni njia ya kuongeza dagaa sokoni bila kuvua hata mmoja zaidi.

5. Michikichi inapandwa leo kwa hali ya hewa ya mwaka 2045.

Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alipoanza kulisimamia zao la michikichi, miche ya aina ya Tenera kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga imewafikia wakulima wengi wa mkoa huu, na mimi nimeipanda. Ninalipongeza jambo hilo kwa dhati. Lakini mchikichi huvunwa kwa miaka zaidi ya 20, kwa hiyo anayepanda leo anafanya uamuzi juu ya mvua ambazo hajaziona. Zao hili hupenda mvua nyingi zilizotawanyika mwaka mzima, ilhali sisi hupata takribani milimita 1,000 kwa mwaka na kiangazi cha miezi kadhaa, na ukame wa mwaka huu huonekana kwenye mikungu ya mwaka ujao na wa pili wake. Tunaomba mpango wa michikichi uambatane na matuta ya kukinga maji, matandazo, visima vya kumwagilia miche michanga, na ramani ya maeneo ambayo udongo wake hutunza unyevu. Kwa sasa mpango wetu unahesabu miche iliyogawiwa, wala hauhesabu iliyopona.

Waheshimiwa, ninazifahamu sababu zitakazotolewa, kwa kuwa nyingine tulishapewa kwa mdomo.

Mtasema fedha hazitoshi. Fedha za kujenga kalavati mara ya pili zilipatikana, na za kukarabati soko mahali penye maji zimo kwenye rasimu. Tunachoomba kwa sehemu kubwa ni fedha hizo hizo zielekezwe kwa akili zaidi.

Mtasema kwamba mzigo huu ni wa nchi tajiri zilizochafua anga. Ni kweli kabisa. Bara letu la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na nchi zilizoendelea ziliahidi kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 kuongeza maradufu fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi ifikapo mwaka 2025, na kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 uliundwa mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko hayo. Zidaini nchi hizo, nasi tutasimama pamoja nanyi. Lakini fedha hizo huenda kwa wenye maandiko ya miradi yanayoeleza hatari iko wapi, inampata nani na itapunguzwaje. Mkoa wa Simiyu ulipata mradi mkubwa wa maji kupitia Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro wananchi walishiriki kupitia kamati zao kuchagua miradi ya kuhimili ukame, nayo ikapata fedha. Kwa jirani zetu wa Kenya, kaunti za Wajir na Makueni zilijitungia sheria za kutenga asilimia maalumu ya bajeti ya maendeleo kwa ajili hiyo hiyo. Sisi hatuna hata orodha ya miundombinu yetu iliyo chini ya mstari wa maji ya mwaka 2024.

Mtasema hakuna takwimu wala wataalamu. Mji wa Kigoma una ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika inayofuatilia maji, una kituo cha utafiti wa uvuvi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wetu wa Novemba hadi Aprili kabla haujaanza. Wataalamu hao wako karibu. Hatujawahi kuwaona wakikaribishwa kwenye kikao cha kata cha kuibua miradi, na muhtasari wetu wa vikao hivyo ninao.

Mtasema pia kwamba Halmashauri hufuata mwongozo na ukomo wa bajeti unaotoka juu. Hilo nalikubali kwa sehemu. Ukomo hutoka juu, lakini mahali pa kujenga soko, kimo cha sakafu yake na ukubwa wa bomba la kalavati havitoki juu. Zaidi ya hayo, Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 imeweka uhifadhi wa mazingira na ustahimilivu wa mabadiliko ya tabianchi kuwa mojawapo ya nguzo zake tatu, na Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Miaka Mitano uliwekwa uishie mwaka wa fedha 2025/26. Mipango inayoandikwa baada ya hapo ndiyo itakayotuongoza kwa miaka mingi. Tukiikosea sasa, tutajenga mwambao mzima mahali pasipofaa.

Wapo watakaosema wananchi hawako tayari kubadilika. Vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Gombe vilianza mwaka 1994, kupitia mradi wa TACARE, kutafuta njia za kutunza ardhi yao, na baadaye vikatenga misitu ya vijiji kwa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Vilima vilivyokuwa vipara vina miti leo. Hao ni watu wa mkoa huu huu, na walifanya hivyo walipoulizwa kwanza mahitaji yao.

Kwa hiyo, kwa heshima, tunaiomba Halmashauri itekeleze yafuatayo:

(a) Isimamishe ukarabati wa soko la mwalo katika eneo la sasa, na mradi huo upangwe upya juu ya mstari wa maji ya mwaka 2024, pamoja na choo kisichoweza kuingiliwa na ziwa na vichanja vilivyoinuliwa. Gati na mahali pa kushushia mzigo vibaki ufukweni, lakini viwe vya kuweza kupandishwa na kushushwa kadiri maji yanavyobadilika.

(b) Ishirikiane na ofisi ya Bonde na wapima ardhi kuweka bikoni za kudumu zinazoonyesha kimo cha juu kabisa cha maji kinachojulikana, mita 60 zipimwe kutoka hapo, na kusiwe na kiwanja kipya kitakachotolewa chini yake. Familia zilizopimiwa na kutozwa kodi katika eneo hilo zipewe viwanja mbadala badala ya notisi za kubomoa.

(c) Kila andiko la mradi linalokwenda kwenye kamati ya fedha na mipango liwe na ukurasa mmoja unaojibu: mradi uko wapi kulinganisha na maji ya juu, umepimwa kwa mvua ipi, utafanyaje kazi katika mwaka wa ukame, na nani ataumia zaidi ukishindwa. Andiko lisilo na ukurasa huo lirudishwe.

(d) Itenge sehemu inayojulikana ya mapato ya ndani, hata ikianza kwa asilimia ndogo, kwa ajili ya miradi ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi itakayochaguliwa na mikutano mikuu ya vijiji, na wanawake wa mwaloni wawe na viti katika kamati zitakazoisimamia. Miezi ya kufunga uvuvi iingizwe kwenye bajeti na kwenye ratiba ya marejesho ya mikopo.

(e) Itujibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, na majibu hayo yasomwe katika kikao cha wazi cha Baraza la Madiwani kabla ya rasimu ya bajeti ijayo kupitishwa. Pale ambapo jibu ni hapana, tuelezwe sababu. Tuko tayari kuitwa, na tutakuja na muhtasari wa vikao vyetu, picha za soko, na wazee watakaoonyesha kwa mikono yao mahali maji yalipofika mwaka 1964.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa dagaa na mkulima,
kwa niaba ya wakazi wa kata yetu ya mwambao,
Kigoma.

Nakala:
Wenyeviti wa vijiji vyote vya kata
Mbao za matangazo za kata na mwalo